Kioo cha Rangi na Pumzi ya Fundi



Wiki iliyopita Halmashauri Walei ya parokia yetu ilikaa hadi taa zikawashwa, na ajenda iliyotuchelewesha haikuwa mavuno wala deni la mabati, bali madirisha. Wajumbe wengi wanatamani kanisa letu jipya liwe na vioo vya rangi, kama walivyoona katika makanisa ya wamisionari wa zamani. Mjumbe mmoja akaja na njia ya mkato: karatasi za plastiki zenye rangi na picha za watakatifu, za kubandika juu ya kioo cha kawaida. Tofauti ya bei kati ya karatasi hizo na vioo halisi ilikuwa kama tofauti ya baiskeli na lori. Ndipo mama mmoja wa WAWATA alipouliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: "Baba Paroko, hicho kioo cha kweli kina nini ndani yake hata kiwe ghali namna hiyo?"

Tulimwomba atupe wiki moja. Sharti tukiri kwamba tulipokuwa seminarini tulifundishwa mengi juu ya vioo vya makanisa makuu ya Ulaya, lakini yote yalihusu nuru na maana ya nuru. Hatukumbuki hata siku moja kuambiwa ni nani aliyevipuliza vioo hivyo, alilipwa nini, wala alivuta hewa gani alipokuwa akivitengeneza. Swali la mama huyu limetupeleka mahali ambapo vitabu vyetu havikutupeleka.

Tuanze na jibu fupi. Kioo kina mchanga mweupe, magadi na chokaa. Rangi huletwa na madini kidogo sana: kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani na feruzi, manganizi hutoa zambarau, dhahabu hutoa wekundu wa zabibu, kadimiamu na seleniamu hutoa manjano, rangi ya chungwa na wekundu mkali. Ukiacha dhahabu, hakuna kitu hapo cha kumfilisi mtu. Kinachokifanya kioo kuwa ghali ni moto na watu.

Ili kuwaona watu hao, twende Murano, kisiwa kidogo kilicho karibu na mji wa Venezia nchini Italia. Mwaka 1291 Baraza Kuu la Venezia liliamuru matanuru ya vioo yaondolewe mjini na kuhamishiwa huko. Sababu iliyotolewa ilikuwa hofu ya moto, maana nyumba nyingi za mji zilikuwa za mbao. Tangu wakati huo kisiwa kile kimekuwa kama ukoo mmoja wenye kazi moja. Tanuru la kioo halizimwi jioni kama jiko la nyumbani; huwaka mchana na usiku, miezi hata miezi, na mafungu ya mchanga huyeyushwa usiku katika joto la nyuzi 1,400 hivi ili asubuhi mafundi wakute kioo kimeiva kama asali nzito. Kwa desturi matanuru hupumzishwa mwezi Agosti, yafanyiwe matengenezo.

Kazi yenyewe haifanywi na mtu mmoja. Fundi mkuu huketi kwenye benchi lake lenye mikono miwili ya chuma, akizungusha bomba bila kusita, kwa sababu kioo cha moto hudondoka mara tu kinapoachwa kutulia. Msaidizi wake wa kwanza humletea donge la kioo kutoka tanuruni, wa pili hupuliza anapoashiriwa, na kijana mdogo kuliko wote hufungua mlango wa tanuru, hushika koleo, hufagia, hutazama. Hawasemezani sana. Wamezoeana hata jicho likatosha. Anayewaona kwa mara ya kwanza huweza kudhani wanacheza ngoma isiyo na muziki. Kijana yule atafagia miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kutengeneza hata bilauri moja ya kuuzwa. Wahenga wetu walilijua jambo hili walipotuambia kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Lakini tusiwapambe watu wa Murano kuliko walivyokuwa. Jamhuri ya Venezia iliwaheshimu mafundi wake kwa heshima iliyofanana sana na kifungo. Binti wa fundi mkuu aliweza kuolewa na bwana wa ukoo bora, na watoto wao wasipoteze ubwana wao. Jambo kubwa katika jamii ile. Papo hapo fundi alikatazwa kuhama na kufundisha siri zake ng'ambo, na aliyetoroka alihesabiwa kuwa mkosaji. Wengine walitoroka hata hivyo. Mwaka 1665 Colbert, waziri wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliwavuta kwa fedha mafundi wa vioo vya kujitazamia wakaenda kufanya kazi Paris, na Venezia ilihangaika kuwarudisha. Twasema haya kwa sababu mara nyingi tunaposifu ufundi wa mtu tunasahau kuuliza kama mlango wake hufunguka kwa ndani. Kumsifu mtu na kumfungia si mambo yanayopingana sana kama tunavyodhani.

Na palikuwa na tabaka lisilosifiwa kabisa, yaani wanawake. Inasemekana kwamba Marietta Barovier, binti wa fundi mashuhuri Angelo Barovier, ndiye aliyebuni ushanga wenye nyota ya rangi ndani yake, na mwaka 1487 aliruhusiwa kuwa na tanuru lake dogo. Huyo jina lake limebaki. Maelfu waliomfuata hawana majina. Walikaa vichochoroni mbele ya nyumba zao huko Venezia, kila mmoja na sinia la mbao mapajani lililojaa shanga ndogo mfano wa mtama, na mkononi ameshika sindano ndefu nyingi zilizotandazwa kama kipepeo, akizichovya katika shanga mpaka zijae. Walilipwa kwa kiasi walichotunga, na malipo hayo yalipitia kwa mawakala waliokata fungu lao kwanza. Mwaka 1904 waligoma. Wanawake maskini, wengi wao wakiwa na watoto wachanga, waliweka sindano chini na kudai ujira wao.

Hapa msomaji wetu aliye Bagamoyo au Ujiji na ainue kichwa, maana shanga zile zilikuwa zikija kwetu. Katika karne ya 19 ushanga wa Venezia ulishushwa Unguja, ukapimwa kwa frasila, ukafungwa mizigo na kubebwa vichwani na wapagazi hadi Tabora na maziwa makuu. Samesame mwekundu ambao bibi zetu walijua jina lake ulitoka kwenye matanuru ya watu wale. Wasafiri wa siku hizo waliandika kwamba kila nchi ilikuwa na rangi yake, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa uliweza kulala njaa sokoni penye chakula tele. Ushanga huo ulinunua mtama na mbuzi. Ulinunua pia pembe za ndovu, na ulinunua watu. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa wakikomboa watumwa ambao baadhi yao thamani yao iliwahi kuhesabiwa kwa vitu vya namna hiyo.

Tumelitafakari jambo hili kwa muda. Mama mmoja wa Venezia, anayepunjwa na wakala, anatunga ushanga kichochoroni huku akiimba. Ushanga uleule unavuka bahari na kuwa bei ya mtoto wa mama mwingine. Yule wa kwanza hakujua. Tunaamini hakujua. Lakini kati yake na yule wa pili walikuwapo watu wengi waliojua vizuri sana, na hao ndio waliotajirika.

Turudi kisiwani. Baada ya Jamhuri ya Venezia kuanguka mwaka 1797, vyama vya mafundi vilivunjwa na kazi ikadidimia hata ikakaribia kufa. Aliyesaidia kuinua tena si tajiri bali ni padre. Vincenzo Zanetti, mzaliwa wa Murano, akishirikiana na meya wa kisiwa, alianza kukusanya hati za kale na vyombo vilivyokuwa vikisahaulika makabatini, na mwaka 1861 ikazaliwa makumbusho ya vioo. Mwaka uliofuata lilifunguliwa darasa la uchoraji kwa ajili ya vijana wa matanuruni, ili kijana anayefagia mchana aweze kuona na kuiga mikono ya mababu zake. Hatufichi kwamba habari hii imetufurahisha, kwa kuwa si kila siku tunamkuta paroko mwenzetu, au mtu wa aina yake, akikumbukwa kwa jambo jingine mbali na ujenzi. Zanetti hakuwaambia mafundi wavumilie umaskini wao kwa ajili ya uzuri. Aliwarudishia kumbukumbu, na kwa kumbukumbu hiyo wakapata tena soko.

Mpaka hapa mtu angedhani tunasimulia hadithi tamu. Bado hatujazungumzia pumzi.

Mwaka 1993 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya kutengeneza vioo vya sanaa katika kundi la mambo ambayo yaelekea huwasababishia watu saratani. Sababu haiko mbali. Yale madini kidogo sana tuliyoyataja hayaishii yote ndani ya kioo. Mengine hupanda na moshi, na mengine huwa vumbi wakati wa kuchanganya. Kwa karne nyingi aseniki ilitumika kukisafisha kioo mapovu na kukifanya cheupe kama maziwa. Umoja wa Ulaya uliweka mwisho wa matumizi yake yasiyo na kibali maalumu tarehe 21 Mei 2015, na mafundi wa Murano wakalazimika kutafuta njia nyingine. Wapo walionung'unika kwamba sheria inaua mila. Twaelewa uchungu wao, ila hatukubaliani nao. Mila ambayo haiwezi kuishi bila kumwekea sumu mjukuu anayefagia haijawa mila bado, ni mazoea.

Jambo lililotokea Marekani mwaka mmoja baadaye ni zito zaidi, kwa sababu walioumia hawakuwa mafundi peke yao. Katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, palikuwa na viwanda viwili vya vioo vya rangi vilivyojulikana na wasanii wa dunia nzima. Vilianza kwa unyonge miaka ya 1970, na kimojawapo kiliasisiwa na vijana watatu wapuliza vioo waliokuwa wakiyeyusha chupa kuukuu. Jamii nzima ikakua kukizunguka: wachoma vioo, walimu, wenye karakana ndogo nyuma ya nyumba, wajane waliojifunza kukata kioo ili wapate kitu cha kushika mikononi. Mwezi Februari 2016 wakazi waligundua walichokuwa wakikivuta. Watafiti wa idara ya misitu walikuwa wamekusanya ile mimea midogo ya kijani inayoota kwenye magome ya miti, ambayo hunywa hewa kama sifongo, na ramani yao ikaonyesha kadimiamu ikiwa imejaa zaidi karibu na viwanda hivyo. Vipimo vya hewa vilivyochukuliwa na jimbo mwezi Oktoba 2015 karibu na kimoja wapo vilikuwa vimekuta aseniki zaidi ya mara 150 ya kiwango kilichokuwa kimewekwa kuwa shabaha, na kadimiamu karibu mara 49. Jirani palikuwa na mahali pa kulelea watoto wadogo.

Na liangaliwe hili: kiwanda hakikuwa kimevunja masharti ya kibali chake. Sheria ndiyo iliyokuwa na tundu, kwa kuwa ilitungwa ikiwafikiria wakubwa, na matanuru madogo ya sanaa yakapita katikati ya vidole vyake. Nani aliyekuwa na kosa basi? Mwenye kiwanda, aliyesema ana kibali? Ofisi ya serikali, iliyotoa kibali? Msanii wa mbali, aliyetaka wekundu ule na si mwingine, kwa bei ileile ya mwaka jana? Tunaogopa kwamba jibu linatufikia hadi sisi tunaokaa mbele ya dirisha zuri na kusema "Tazama nuru!"

Viwanda vilisimamisha matumizi ya madini yale, na jimbo likatunga kanuni mpya kwa ajili ya vioo vya sanaa. Kimoja kilifunga vichujio vya moshi na kinaendelea na kazi. Kingine mwenyewe alikifunga, na utengenezaji wake ukahamia Mexico. Katika mwaka huohuo wa 2016 kiwanda cha Spectrum cha Woodinville, jimbo la Washington, kilichofunguliwa mwaka 1976, nacho kilitangaza kufunga milango baada ya miaka 40. Wenyewe walisema mauzo yalikuwa yameshuka tangu mdororo wa uchumi wa 2008, na gharama zilikuwa zikipanda. Vioo vyake navyo vilipata makao mapya Tijuana, Mexico. Wasanii walivinunua vilivyobaki madukani kama watu wanaonunua sukari wakisikia meli haiji.

Hatuna neno dhidi ya watu wa Tijuana, wala hatuna sababu ya kudhani kwamba huko moshi hauchujwi. Tunauliza tu, nani anapima magome ya miti yao? Maana ni desturi ya zamani kwamba majirani wenye sauti wakilalamika, moshi huhamia kwa majirani wasio na sauti, na sisi wa nchi hizi tunajua desturi hiyo inaishia wapi.

Basi wapo watakaosema: kama ndivyo, kazi hii ni anasa yenye sumu, na ife. Hatuwezi kusema hivyo. Mwaka 2021 na 2022 bei ya gesi ilipopanda mara kadhaa Ulaya, kabla na baada ya vita vya Ukraine kuanza, matanuru mengi ya Murano yalizimwa si kwa mapumziko ya Agosti bali kwa kushindwa kulipa. Tanuru likipoa vibaya, vyungu vyake vya kuyeyushia hupasuka. Lakini kinachopasuka zaidi ni ile timu ya watu wanne wanaoelewana kwa jicho. Kijana mfagiaji akienda kubeba mizigo ya watalii kwa miezi sita, huenda asirudi, na hakuna ruzuku ya serikali, ingawa ilitolewa, inayoweza kununua miaka aliyokwisha kukaa akitazama. Kisiwa kile leo hakifikishi wakazi elfu tano. Barabara zake zina maduka yanayouza vioo vya bei ya kutupa vilivyotoka ng'ambo, vikiwa na jina la Murano, hata mkoa wa Veneto ukalazimika mwaka 1994 kuweka alama ya kisheria ya kutambulisha kilicho halisi. Mtalii anafurahi kwamba amepata nafuu. Fundi aliye mita hamsini kutoka pale anahesabu siku.

Hayo ndiyo yaliyo ndani ya kioo, mama yetu. Ndani yake mna miaka ya kufagia, moto usiozimwa, kichujio cha moshi ambacho lazima mtu fulani akilipie, na mshahara wa msaidizi wa tatu. Bei ikishuka sana, si mchanga uliopungua. Ama kichujio hakipo, ama kijana yule halipwi.

Maoni yetu kuhusu madirisha, ambayo tuliyatoa Jumapili mbele ya wajumbe tukijua si wote watayapenda, ni haya. Tusibandike plastiki. Haimdanganyi Mungu, lakini inatuzoeza sisi kuamini kwamba uzuri unaweza kupatikana bila mtu yeyote kuufanyia kazi. Tusikope pia kwa ajili ya vioo vya rangi katika madirisha yote kumi na mawili, wakati wazee wa kigango cha mbali bado wanasali chini ya mwembe. Tuweke kioo cheupe cha kawaida, na dirisha moja tu la duara juu ya mlango mkuu liwe la rangi. Hilo litengenezwe na watu tunaoweza kwenda kuwaona, kuwauliza moshi wao unakwenda wapi na vijana wao wanalipwa nini. Si lazima tufike Ulaya. Kitengela, kusini mwa Nairobi, kwa miaka mingi wamekuwa wakiyeyusha vioo vya madirisha vilivyovunjika na chupa tupu, na kutoka humo hutoka vyombo na vioo vya rangi ambavyo havina haya mbele ya vya wageni.

Mjumbe aliyeleta karatasi za plastiki alisimama kwa heshima akatuambia kwamba anayemuuzia karatasi hizo naye ana watoto wanaosoma, na kwamba Baba Paroko amemhurumia fundi wa Italia akamsahau muuza duka wa hapa stendi. Tulinyamaza kidogo. Hoja yake si ya kupuuza, na hatujapata jibu linaloturidhisha sisi wenyewe. Mama wa WAWATA aliuliza tu kama dirisha hilo la duara linaweza kuelekezwa upande wa jua la asubuhi, kwa kuwa Misa ya kwanza ndiyo yenye wazee wengi. Mlango mkuu unatazama magharibi. Itabidi fundi ujenzi aulizwe kama ukuta wa nyuma ya altare unaweza kutobolewa.

Kikao kitaendelea Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Mjumbe wa karatasi ameomba apewe nafasi ya kwanza ya kusema, na tumempa.